Nani hasa humchagua kocha mkuu wa timu ya chuo?

Swali: Mimi ni Mkenya, nimeishi Texas miaka kumi na minane. Kifungua mimba wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza futiboli ya Kimarekani, safu ya mbele ya ulinzi. Alikuwa ameahidi kwa mdomo kujiunga na chuo kikuu kimoja, tukafurahi, tukawapigia simu hadi jamaa wa kijijini. Wiki tatu zilizopita kocha mkuu akapigwa kalamu katikati ya msimu, na nasikia atalipwa mamilioni ya dola akae nyumbani. Chuo kinasema kinasaka kocha kote nchini. Nani hasa anachagua? Wanaangalia nini? Na mwanangu asubiri au aangalie kwingine?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwanza. Najua nyumba inavyopoa siku simu ya kocha inapoacha kulia. Nimefanya kazi miaka mingi katika idara ya michezo ya chuo kikuu kimoja huku Marekani, na mara mbili nimekaa ndani ya chumba ambamo kocha mkuu wa futiboli alikuwa anatafutwa. Mara ya kwanza tulipatia. Mara ya pili tulikosea vibaya, na waliolipia kosa letu ni vijana wa umri wa mwanao. Kwa hiyo nitakujibu bila kuzungukazunguka.

Anayechagua ni mkurugenzi wa michezo. Ndiye anayepiga simu, ndiye anayepanda ndege, na ndiye atakayemwaga unga miaka michache baadaye iwapo kocha hatafaa. Juu yake yuko rais wa chuo, ambaye lazima aridhie, na bodi ya wadhamini inayopitisha mkataba. Pembeni yake wapo wafadhili watatu au wanne ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote ya wafanyakazi, lakini wana uwezo wa kuandika hundi ya dola milioni kumi bila kumwuliza mtu. Kamati ya usaili ikitangazwa, yenye mhadhiri, mwanafunzi na mchezaji wa zamani, iheshimu, ila usiitegemee ikupe habari. Zile nilizoziona mimi zilikutana kusikiliza jina ambalo lilikuwa limeshakubaliwa.

Huo usakaji wa kote nchini, kwa chuo kinachojua kazi yake, ulianza zamani. Chuo cha namna hiyo kinamjua kocha wake ajaye kabla kiti hakijawa wazi. Kile kinachoanza kutafuta siku kinapofukuza ndicho kinachopapasa gizani, na gizani ndiko mikataba ya ajabu husainiwa.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa na karatasi moja ya njano, imekunjwa mara nne, ndani ya pochi nyuma ya leseni yake ya udereva. Majina matano, kwa penseli. Kila Agosti, hata mwaka ambao kocha wetu alikuwa anashinda kila wiki, aliitoa, akafuta jina moja, akaandika jingine. Mikunjo ilikuwa imechakaa hadi inapitisha mwanga. Kando ya kila jina aliandika vitu viwili tu: kiasi ambacho chuo alichopo mtu huyo kingedai ili kumwachilia, na mji anakotoka mke wake. Hilo la mke nililiona upuuzi. Baadaye nikashuhudia mazungumzo ya siku nne yakivunjika kwa sababu ya binti aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja amalize sekondari na hakutaka kuhama.

Tazama Chuo Kikuu cha Alabama. Kocha mkuu Nick Saban alitangaza kustaafu Jumatano, tarehe 10 Januari 2024, baada ya kutwaa ubingwa wa taifa mara sita akiwa hapo. Ijumaa, tarehe 12, mrithi wake Kalen DeBoer alikuwa ameshapatikana, siku nne tu baada ya kuiongoza timu ya chuo cha Washington katika mechi ya fainali. Mkurugenzi Greg Byrne alikuwa na kocha wa miaka 72. Alijua siku ile ingekuja, akawa tayari. Washington ikabaki bila kocha, ikamchukua Jedd Fisch wa Arizona. Arizona ikamchukua Brent Brennan wa San José State. San José State ikamwita Ken Niumatalolo, aliyewahi kuiongoza Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini, kwa miaka mingi. Mzee mmoja alistaafu kule Tuscaloosa, Alabama, na kabla mwezi haujaisha vyuo vinne vilikuwa na makocha wapya. Mwanao anaweza kupoteza kocha kwa sababu ya jambo lililotokea maili elfu mbili kutoka alipo.

Alabama hiyo hiyo, miaka kumi na saba kabla, ilipata taabu. Ilimfukuza Mike Shula Novemba 2006, ikamfuata Rich Rodriguez wa West Virginia, naye akakataa hadharani. Saban wakati huo alikuwa kocha wa Miami Dolphins, timu ya ligi ya kulipwa, na alishawaambia waandishi wa habari kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Mkurugenzi Mal Moore akafunga safari hadi Florida, akamngojea amalize msimu, na tarehe 3 Januari 2007 akampata. Nakutajia kisa hiki ili usikate tamaa pale chuo cha mwanao kitakapokataliwa na mtu wa kwanza. Kukataliwa ni sehemu ya kazi. Kinachoonyesha ubora wa mkurugenzi ni yule wa pili kwenye karatasi yake.

Kuhusu wakubwa wa nje, mfano mzuri ni Louisiana. Oktoba 2025 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ilifungwa 49 kwa 25 na Texas A&M mbele ya mashabiki wake, na kesho yake kocha Brian Kelly akafutwa kazi akiwa anadai takriban dola milioni 54 za mkataba wake. Gavana Jeff Landry akajitokeza akasema waziwazi kwamba mkurugenzi wa michezo, Scott Woodward, hatamchagua kocha ajaye. Kabla wiki haijaisha Woodward hakuwa tena kazini. Unaona mamlaka yalipo: cheo kilikuwa cha Woodward, lakini LSU ni chuo cha umma, na sauti ya gavana ilitosha kumng'oa.

Mashabiki nao wana nguvu zao. Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2017 ilivuja habari kwamba Tennessee inamwajiri Greg Schiano. Watu walifufua madai kwamba alipokuwa Penn State alijua kuhusu kashfa ya msaidizi wa kocha aliyewadhulumu watoto kingono, madai ambayo Schiano ameyakana siku zote. Wakaandika kwa rangi kwenye jiwe kubwa la chuoni, wanasiasa wa jimbo wakapaza sauti, na kufikia jioni makubaliano yalikuwa yamekufa. Siku chache baadaye mkurugenzi John Currie akaondolewa, Phillip Fulmer, kocha wa zamani wa chuo hicho, akashika nafasi yake, na Jeremy Pruitt akaajiriwa. Januari 2021 Pruitt naye akatimuliwa kwa sababu ya ukiukaji wa kanuni katika kusajili vijana. Umati ukizima jina moja huwa unaamini lililo bora litafuata lenyewe. Halifuati, kama hakuna karatasi kwenye pochi.

Sasa zile fedha zinazokushangaza. Mkataba wa kocha mkuu katika vyuo vikubwa umedhaminiwa: ukimwondoa bila kosa la kinidhamu, unamlipa yote yaliyobaki au sehemu kubwa. Texas A&M ilipomwachisha kazi Jimbo Fisher Novemba 2023, hesabu ilikuwa takriban dola milioni 76. Haikutokea kwa bahati mbaya. Alikuja Desemba 2017 kwa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 75, kisha mwaka 2021, baada ya msimu mmoja mzuri, akaongezewa hadi 2031. Kila sahihi ilitiwa na watu waliokuwa na hofu kwamba chuo kingine kitamnyakua.

Hofu hiyo ina watu wanaoitunza, nao ni mawakala. Jimmy Sexton peke yake anawawakilisha makocha wengi wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini mwa nchi, na wakala anayewakilisha upande mmoja wa meza na majirani wote wa upande wa pili anajua bei kuliko mkurugenzi yeyote. Kiti kikibaki wazi katika jimbo moja, mteja wake wa jimbo la tatu anatajwatajwa kwenye habari kwa siku mbili, halafu anapata nyongeza bila hata kufungasha sanduku. Simlaumu wakala, anafanya kazi aliyoajiriwa kufanya. Namlaumu mkurugenzi anayeingia mazungumzoni akiwa na jina moja tu.

Kuna kifungu kimoja chenye thamani kubwa: kile kinachomtaka kocha aliyefukuzwa atafute kazi nyingine, na mshahara mpya upunguze deni. Penn State ilimwachisha James Franklin tarehe 12 Oktoba 2025 ikiwa inakabiliwa na deni la karibu dola milioni 49. Novemba 17 Franklin akachukua kazi ya Virginia Tech, na pande mbili zikakubaliana alipwe milioni 9. Huko ndiko kusoma mkataba kabla ya kuusaini. Na usiogope kwamba karo ya mwanao ndiyo itakayolipa. Katika vyuo vikubwa sehemu kubwa ya fedha hizi hutoka kwa wafadhili na kwenye haki za televisheni, ingawa mwisho wa siku aliyetoa hundi ndiye atakayetaka kusikilizwa safari ijayo.

Utasikia pia kwamba chuo kimeikodi kampuni ya kusaka viongozi. Wengi hudhani kampuni hiyo ndiyo inayomtafuta kocha. Kwa kweli inanunuliwa kwa ajili ya siri. Vyuo vya umma vinabanwa na sheria za uwazi. Mwandishi wa habari anaweza kudai barua pepe na rekodi za simu za mkurugenzi. Kampuni ikisimama katikati, yenyewe inampigia wakala, na kocha ambaye bado ana mechi Jumamosi anaweza kuwaambia wachezaji wake kwamba hakuna chuo kilichozungumza naye. Hilo linaniuma, kwa sababu vijana huamini maneno yale. Mashabiki nao wamejifunza: wanafuatilia ndege za wafadhili kwenye programu za simu, wanajua namba ya mkiani, na ndege ikitua mji fulani saa nne usiku, asubuhi jina liko kila mahali.

Kazi ya pili ya kampuni hiyo ni kupekua historia ya mtu. Desemba 2001 Notre Dame ilimtangaza George O'Leary. Siku tano baadaye akajiuzulu, kwa sababu wasifu wake ulidai ana shahada ya uzamili kutoka New York University na kwamba aliichezea timu ya New Hampshire miaka mitatu, na vyote viwili havikuwa kweli. Chuo chenye jina kubwa kuliko vyote katika mchezo huu kiliuziwa mbuzi kwenye gunia kwa kukosa kupiga simu mbili. Tangu hapo hata jina la shule ya msingi linakaguliwa.

Usaili wenyewe haufanani na unavyofikiriwa. Wa kwetu ulifanyika katika hoteli ya kawaida karibu na uwanja wa ndege, pazia zimefungwa saa saba mchana, na wagombea waliingizwa kwa mlango wa jikoni, tukipishana na mabeseni ya viazi. Mmoja alileta jalada la kurasa sitini, picha za rangi, kauli nzuri kila ukurasa. Tulipomwuliza nani atafundisha safu ya mbele ya mashambulizi, akasema ana watu kadhaa akilini. Wa pili hakuleta kitu. Aliomba karatasi ya hoteli, ile yenye nembo juu, akachora wiki nzima kuanzia Jumapili hadi Jumamosi: saa ya kutazama video, saa ya mazoezi, saa ambayo wachezaji lazima wawe maktaba, dakika ishirini za Alhamisi za kumpigia mama wa kila kijana anayesajiliwa. Akaandika majina kumi ya wasaidizi, na kando ya kila jina, ameshakubali au bado. Tulimchagua huyo wa pili, na ndiyo ile mara tuliyopatia. Mara nyingine, chini ya mkurugenzi mwingine, tulichukua jalada.

Kwa hiyo wanaangalia nini? Ukiondoa mapambo, wanaangalia kama mtu huyo ameshawahi kuendesha nyumba nzima. Mratibu wa mashambulizi anaweza kuwa fundi wa ajabu wa kuchora michezo na bado asijue la kufanya saa nane usiku polisi wanapopiga simu kwamba mchezaji wako amekamatwa. Wanaangalia kama anazijua shule za sekondari za eneo hilo, kwa sababu kocha wa sekondari ndiye mwenye funguo za nyumba za vijana. Wanaangalia wasaidizi atakaokuja nao. Na siku hizi mgombea naye anawasaili wao: anauliza mna kiasi gani cha kuwalipa wachezaji. Tangu uamuzi wa mahakama wa Juni 2025, chuo kinaruhusiwa kugawia wanamichezo wake fedha, kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025-26, kikiwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote pamoja, na kocha anataka kujua futiboli itapata fungu gani. Jibu likiwa dogo, anaaga kwa adabu na anarudi kwao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Indiana. Timu hii kwa historia ilikuwa miongoni mwa zilizofungwa mechi nyingi kuliko zote, na msimu wa 2023 iliumaliza kwa kushinda mechi tatu na kupoteza tisa. Ikamwajiri Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison. Alikuwa na miaka 62. Jina lake halikuwa kubwa, na wengi walishangaa. Lakini usome kazi yake: alikuwa msaidizi wa Saban kule Alabama, mahali ambapo mtu angekaa raha mustarehe, akaondoka baada ya msimu wa 2010 kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo kidogo cha Indiana University of Pennsylvania (kingine kabisa, kilichoko jimbo la Pennsylvania), ambako baba yake alifundisha kabla yake. Kutoka hapo akaenda chuo cha Elon, kisha James Madison, ambako alishinda mechi 52 na kupoteza 9. Kila mahali alikopita aliacha timu ikiwa bora kuliko alivyoikuta. Msimu wake wa kwanza Indiana ulikuwa ushindi 11 na vipigo viwili. Wa pili aliumaliza Januari 2026 akiwa bingwa wa taifa, mechi 16 bila kupoteza hata moja. Ushahidi ulikuwa wazi kwa kila mkurugenzi nchini, miaka kumi na mitatu ya ushahidi. Scott Dolson wa Indiana ndiye aliyeusoma.

Huwa nasikia watu wakisema "ana jina" kana kwamba jina hulala na kuamka na wachezaji. Brian Kelly alikuwa na jina. Fisher alikuwa na jina, tena na ubingwa wa taifa.

Wakati mwingine mtu anayefaa yuko ndani. Kelly alipoondoka Notre Dame kwenda LSU mwishoni mwa 2021, chuo hakikwenda mbali: kilimpandisha Marcus Freeman, mratibu wa ulinzi, mwenye miaka 35, ambaye wachezaji walimtaka na kusema hivyo. Miaka mitatu baadaye akaifikisha timu fainali. Uamuzi wa namna hii ni wa hatari kwa sababu wachezaji humpenda mtu asiyewakatalia, lakini pale ambapo kinachohitajika ni kuzuia nyumba isibomoke, mtu wa ndani anaokoa muda ambao wa nje hana.

Hapa niseme jambo ambalo baba wa kijana mweusi anastahili kuambiwa waziwazi. Uwanjani vijana weusi ni wengi. Kwenye kiti cha kocha mkuu ni wachache. SEC, ligi iliyoundwa miaka ya 1930, ilipata kocha mkuu mweusi wa kwanza Desemba 2003, Sylvester Croom wa Mississippi State. Mwaka 2009 jimbo la Oregon lilitunga sheria ya kuvilazimisha vyuo vyake vya umma kumsaili angalau mgombea mmoja wa jamii za wachache. Januari 2025 Freeman na Franklin walikutana katika nusu fainali, na kwa mara ya kwanza ikawa hakika kwamba kocha mweusi ataingia fainali ya mchujo wa ubingwa. Mwaka 2025, ndugu yangu. Sababu iko kwenye zile karatasi za ndani ya pochi: mkurugenzi huandika anaowajua, na anaowajua ni wale anaocheza nao gofu. Vyuo vilivyoajiri vizuri vimekwenda nje ya mzunguko huo kabla ya kuhitaji mtu.

Kinachomgusa mwanao moja kwa moja zaidi ni saa. Usajili wa mapema wa vijana wa sekondari siku hizi huanguka wiki ya kwanza ya Desemba. Penn State ilimfukuza Franklin katikati ya Oktoba, labda ikidhani itakuwa ya kwanza sokoni. Lakini hiyo ilikuwa vuli ambayo vyuo vingi vikubwa vilikuwa vinatafuta makocha kwa wakati mmoja. Kalani Sitake wa BYU (chuo cha Brigham Young) waliyemmezea mate akaamua kubaki kwao. Walimpata Matt Campbell wa Iowa State tarehe 5 Desemba, siku ya 54. Siku ya usajili, tarehe 3, ilikuwa imewapita, na vijana waliotia sahihi na Penn State siku hiyo walikuwa wawili tu. Wengi waliokuwa wameahidi kwenda huko walimfuata Franklin Virginia Tech. Campbell ni kocha mzuri sana, na bado alianza na ghala tupu.

Saa hiyo hiyo ndiyo iliyozaa kisa cha Lane Kiffin. Aliiacha Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, tarehe 30 Novemba 2025 kwenda LSU, timu yake ikiwa imeshinda 11 na kupoteza moja, inaelekea mchujo wa taifa kwa mara ya kwanza. Ole Miss ilimkatalia kuendelea kuifundisha, ikampa kazi Pete Golding, na wavulana wale wakafika nusu fainali. Msimu huo huo Jon Sumrall wa Tulane alikuwa ameshachukuliwa na Florida, lakini akaruhusiwa kubaki na vijana wake hadi walipotolewa. Mimi nasimama na Sumrall. Kalenda ndiyo yenye kosa, lakini ndani ya kalenda mbaya bado mtu ana nafasi ya kuchagua atawaagaje wachezaji wake.

Sasa mwanao. Ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala chuo, kwa hiyo kupokea simu za vyuo vingine leo si usaliti. Kama kuna kocha mwingine aliyewahi kumwonyesha nia ya kweli, mpigieni nyinyi wiki hii. Msimkatie huyu wa sasa. Mwambieni ukweli kwamba mnasikiliza wengine, na muone anavyopokea. Jueni pia kwamba aliyefukuzwa atapata kazi mahali, na huenda akampigia mwanao kutoka huko. Sikilizeni, lakini mkague masomo na umbali kana kwamba hamumjui. Na kama chuo hiki kingekuwa hakifai bila futiboli, bila yule kocha aliyeondoka, basi jibu mnalo tayari.

Jina likitangazwa, hesabuni siku mbili. Kocha aliye makini hupokea orodha ya vijana walioahidi saa ile ile anayosaini, na huipigia usiku huo kabla hajatafuta nyumba. Akipiga, mwache kijana azungumze kwanza, halafu uombe simu. Mwulize kama ufadhili wa masomo aliouahidi aliyetangulia bado upo, na utafika kwa maandishi lini. Mwulize ana mpango wa kuja na wachezaji wangapi wa safu hiyo kutoka alikotoka, kwa sababu Cignetti alikuja na wake kutoka James Madison, na kila anayekuja na kocha ana kitanda chake tayari. Kisha mwulize jina la kocha wa safu ya mbele ya ulinzi. Huyo ndiye atakayekaa na mwanao kila siku kwa miaka minne. Kocha mkuu atamwona kwa mbali. Akikutajia jina, tafuteni vijana waliowahi kufundishwa naye, muongee nao. Akikuambia bado wanashauriana, mshukuru, na mwanao asishike kalamu mpaka jina litoke.